Fundi Ajibu: Haibridi Itakurudishia Lita Ngapi?

Barua za safari hii zimegusa jambo moja kiasi kwamba nimeona nizijibu kwa pamoja. Nimezifupisha, na maneno makali kuhusu mashemeji nimeyaacha mezani kwangu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Naishi kilomita 20 kutoka kazini, kwa hiyo ni 40 kwa siku, siku tano kwa wiki. Njia yote ni ya mjini, taa kila baada ya hatua, na jioni ndiyo balaa. Gari langu ni la petroli, injini ya 1800, na halijawahi kunisumbua. Shemeji yangu amenunua haibridi na tangu hapo hatupumui kwa sifa zake. Mume wangu anasema mafuta utakayookoa unakuwa umeshayalipia siku ya kununua gari. Nani mkweli?
*Mchoshwa na Sifa*

JIBU: Marahaba. Shemeji anasema kweli kuhusu mafuta, mumeo anasema kweli kuhusu bei, tatizo ni kwamba wanabishana bila karatasi wala kalamu.

Anza kwa kujua akiba inatoka wapi. Haibridi ya kawaida, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, haichomekwi ukutani. Nguvu yote iliyomo kwenye betri yake ilitoka kwenye tangi la petroli, lilelile unalojaza wewe. Kazi yake ni kuokota kile ambacho gari lako linakimwaga, na gari lako linamwaga mahali pawili: kwenye breki, na pale unaposimama injini ikiwa inanguruma.

Chukua gari la kilo 1,400 lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Mwendo huo una nishati ya kilojuli kama 135. Ukikanyaga breki mpaka likasimama, nishati yote inageuka joto kwenye diski na pedi, imekwenda na upepo. Taa ikiwaka kijani unaanza upya. Injini ya petroli mjini inageuza kama robo tu ya mafuta yake kuwa mwendo, kwa hiyo kulirudisha gari kwenye 50 kunakula mililita kama 17. Hicho ni kijiko kikubwa cha chakula na kidogo juu. Kila taa nyekundu, kijiko.

Haibridi inapopunguza mwendo, mota yake inageuka kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, nayo inarudisha umeme kwenye betri. Tuseme inaokoa nusu ya kijiko, ukiwa dereva mpole. Nasema mpole kwa sababu ukibana breki ghafla mota haiwezi kumeza yote kwa pigo moja. Pedi zinaingia kazini na kijiko chako kimemwagika kama kwenye gari lolote.

Kuhusu kusimama, injini ndogo inayonguruma bure hunywa kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Haibridi inaizima.

Sasa weka safari yako humo. Tuseme unasimama kabisa mara 30 kwenda na mara 30 kurudi, na ukijumlisha dakika zote za kukaa tu unapata 40 kwa siku. Kwenye breki ni vijiko 60, yaani lita moja, nusu yake inaokolewa. Kwenye kusimama ni nusu lita nyingine. Jumla lita moja kwa siku, na kwa siku 250 za kazi, lita 250 kwa mwaka.

Usichukue hesabu ya vijiko peke yake. Toyota Corolla ya 2023 iliuzwa Marekani kwa injini ya kawaida na kwa haibridi, na shirika la mazingira la huko, EPA, lilitoa namba za zote mbili. Mjini, ya kawaida ilikula lita kama 7.4 kwa kilomita 100 na haibridi 4.4. Tofauti ni lita tatu. Kwa kilomita zako 10,000 za mwaka inakuwa lita 300, na hapo unaona vijiko vyangu havikuwa mbali. Kinachobaki kinatokana zaidi na injini yenyewe: nyingi za haibridi zinatumia mzunguko wa Atkinson, ambapo vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga. Injini ya namna hiyo ni dhaifu wakati wa kuondoka lakini haina ulafi, na udhaifu wake unafunikwa na mota.

Angalizo moja kuhusu jioni yako. Nishati ya mwendo inafuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ukisimama kutoka 25 hupotezi nusu ya ile ya 50, unapoteza robo. Katika foleni ya kutambaa, breki hazina mengi ya kuokoa. Faida inatoka kwenye injini kuzimwa. Na ukiwa na kiyoyozi kimewashwa muda wote, betri inaisha na injini itaamka mara kwa mara kuijaza. Usishtuke, ndivyo ilivyoundwa.

Tuje kwenye hoja ya mumeo. Mimi siku zote nawaambia wateja wahesabu gari kwa lita. Chukua bei ya haibridi unayoitaka, toa kile utakachopata ukiuza gari lako, kisha gawanya kwa bei ya lita moja ya petroli mahali unapoishi. Ukipata 1,500, kwa akiba ya lita 300 kwa mwaka utarudisha gharama baada ya miaka mitano. Ukipata 4,000, ni zaidi ya miaka 13, na mumeo anaruhusiwa kutabasamu. Kama unakopa, riba nayo iingize kabla ya kugawanya. Watu huisahau riba kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kwa kuwa gari lako ni zima, mimi ningengoja. Likija kuchoka na ikakubidi ununue jingine, utakuwa unalinganisha haibridi na petroli za umri mmoja, na pengo hapo ni dogo zaidi kuliko la leo. Kwa njia yako ya taa na foleni, siku hiyo chagua haibridi bila kigugumizi. Shemeji usimwambie.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nilinunua Prius iliyotumika, ile haibridi ya Toyota, ya kizazi kilichotoka 2009. Karatasi ya muuzaji iliandikwa kilomita 38 kwa lita. Mimi napata 19, nikijitahidi 20. Naenda kazini kwa barabara kuu, mwendo wa 110, taa hakuna kabisa. Nimebadilisha plagi na chujio la hewa bila mafanikio. Je, betri imechoka?
*Nusu ya Ahadi*

JIBU: Gari lako ni zima, karatasi ndiyo mgonjwa.

Ile 38 ni namba ya kipimo cha zamani cha Japani kilichoitwa 10-15, tena kwa toleo jepesi kuliko yote ya gari hilo. Kipimo hicho kilifanyika maabara, mwendo wa juu kabisa ukiwa 70 na wastani usiofika 23 kwa saa. Wajapani wenyewe walikuja kukibadilisha, na kwa kipimo kipya cha JC08 gari lilelile likashuka hadi 32.6. Marekani, kwa kipimo cha EPA, likapata maili 50 kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 21 kwa lita. Gari moja, namba tatu. Wewe uko jirani kabisa na ile ya tatu, na kwa mwendo wa 110 sioni cha kulalamikia.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakukuambia, na labda hakulijua. Njia yako haina cha kuokota. Hukanyagi breki, husimami, injini inafanya kazi mfululizo kupasua hewa, na mota imekaa kama abiria. Rudi kwenye zile Corolla mbili za 2023: kwenye barabara kuu ya kawaida ilikula lita kama 5.7 kwa kilomita 100 na haibridi 5.1. Pengo limeshuka kutoka lita tatu hadi sehemu sita kati ya kumi za lita. Kwa kilomita 10,000 ni lita 60. Yule mama wa juu angerudisha lita zake 1,500 kwa miaka mitano. Kwa njia yako ingechukua 25, na gari litakuwa limeshakuwa chuma chakavu.

Umeshanunua, basi lifaidi. Punguza mwendo. Ukinzani wa hewa nao unafuata kipeo cha pili: kutoka 90 hadi 110 unaongezeka kwa karibu nusu. Ukishuka hadi 95 utaona tofauti kwenye tangi la kwanza tu. Na uipime mwenyewe, usiamini skrini: jaza mpaka pampu ijikate, andika kilomita, tembea hadi tangi likaribie kuisha, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya. Plagi ziache.

SWALI: Kwa Fundi. Nyumbani tuna magari mawili yanayotembea sawa, kama kilomita 10,000 kila moja kwa mwaka, na yote yanakaa mjini. Kubwa la watu saba linakwenda kilomita 8 kwa lita, dogo linakwenda 15. Tuna uwezo wa kubadilisha moja tu. Haibridi kubwa tuliyoijaribu inatoa 12, dogo inatoa 21. Nimemwambia mke wangu jibu liko wazi, dogo linaongeza kilomita sita na kubwa nne tu. Anakataa lakini hawezi kueleza kwa nini.
*Mwenye Hoja*

JIBU: Mkeo ameona sawasawa, na maelezo nayatoa mimi kwa niaba yake.

Hununui kilomita, unanunua lita. Gari kubwa leo linakula lita 1,250 kwa mwaka. Likiwa haibridi ya 12 litakula 833. Umeokoa 417. Dogo leo linakula 667. Likifika 21 litakula 476. Umeokoa 191, chini ya nusu ya yale ya kubwa, ingawa namba ya kilomita ilipanda zaidi. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika katika jarida la Science kuhusu mtego huuhuu, jinsi watu wanavyohukumu akiba vibaya wanaposoma umbali kwa kiasi cha mafuta badala ya mafuta kwa umbali. Ndiyo maana mimi nimezoea kusema lita kwa kilomita 100.

Badilisha kubwa, alimradi tofauti ya bei nayo isiwe zaidi ya mara mbili ya ile ya dogo.

SWALI: Shikamoo. Nimeona haibridi ya miaka 12, safi nje na ndani, bei nzuri mno. Kila ninayemuuliza ananiambia betri itakufa mikononi mwangu. Nifanyeje?
*Mwoga wa Betri*

JIBU: Marahaba. Bei nzuri mno kwa gari la umri huo mara nyingi ni bei ya betri iliyokwisha kutolewa ndani. Siyo dhambi, ila ijue kabla ya kulipa.

Kaa kiti cha nyuma kwanza, kabla ya kufungua boneti. Kwenye haibridi nyingi kando ya kiti hicho kuna kidirisha cha plastiki chenye matundu, na wengi wanadhani ni cha spika. Ni pua ya betri. Feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia hapo ili kuipoza pakiti. Kibandue, chungulia kwa tochi. Nimekuta humo manyoya ya mbwa, soksi ya mtoto, na vumbi lililoshikamana mpaka unaliinua kama kipande cha kitambaa. Betri iliyopumua hivyo kwa miaka imepikwa, hata kama gari linang'aa. Ukikuta pasafi, mwenye gari alikuwa mtu wa kutunza, na hilo linaniambia mengi kuliko kitabu cha sevisi.

Kisha liendeshe nusu saa mjini ukitazama mchoro wa betri kwenye dashibodi. Inapaswa kupanda na kushuka taratibu, ikikaa zaidi katikati. Ikiruka kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha ndani ya dakika chache, au feni ya nyuma ikiunguruma siku isiyo na joto, uliza bei upya. Mwisho, mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma haibridi. Pakiti ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu, kwa mfano, ina moduli (vipande vya betri) 28 za volti 7.2 zilizofungwa mfululizo, jumla volti 201.6. Moja ikilegea inazivuta zote, na mashine inaonyesha ni kundi lipi. Kuna mafundi wanaobadilisha moduli moja iliyokufa. Ni nafuu, lakini 27 zilizobaki ni wazee wa umri uleule, na miezi michache baadaye mnaonana tena. Na wewe usijifungulie: nyaya za rangi ya chungwa zinaua.

Uoga wenu pia umezidi kipimo. Marekani Toyota iliziwekea betri hizi dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia magari ya 2020 ikapandisha hadi miaka 10 au maili 150,000. Kampuni haitoi ahadi ya namna hiyo kwa kitu inachotegemea kife mapema. Tena kuna spea ambazo kwenye Prius hutakuja kuzinunua kwa sababu hazimo: stata haina, oltaneta haina, kazi hizo zinafanywa na mota zilezile. Pedi za breki zinadumu ajabu. Na katika haibridi zinazoletwa gereji zikiburutwa, mwenyewe akiwa ameshakata tamaa na betri kubwa, nyingi zimekufa betri ndogo ya volti 12, ambayo isipokuwa na chaji gari zima linakuwa gogo.

Hesabu basi. Bei ya betri nyingine igawe kwa bei ya lita, ujumlishe kwenye zile lita za tofauti ya bei. Ikiwa bado unarudisha ndani ya miaka unayotaka kukaa na gari, nunua. Kama hesabu inakubali tu kwa sharti kwamba betri isife, liache lipite.

SWALI: Mwanangu anaweka gia ya N kila tukisimama kwenye foleni, anasema anapumzisha mota. Sahihi?
*Baba wa Dereva*

JIBU: Hapana. Haibridi ya aina ya Prius ikiwa kwenye N haichaji betri, na foleni ndefu yenye kiyoyozi inaweza kuimaliza. Abaki kwenye D na mguu kwenye breki. Na kama anatumia gia ya B mjini akidhani ndiyo inayochaji zaidi, mwambie hiyo ni ya mteremko mrefu. Inaizungusha injini ili izuie gari, maana yake nishati iliyopaswa kwenda kwenye betri inaishia kuzungusha chuma.

SWALI: Fundi, kuna haibridi za kuchomeka, na tangazo linasema zinakula kama lita mbili kwa kilomita 100. Naishi ghorofani, gari linalala barabarani, pa kuchajia sina. Ninunue?
*Wa Ghorofani*

JIBU: Usinunue. Zile lita mbili zimehesabiwa kwa dereva anayechaji kila mara. Usipochaji, unabeba betri kubwa na nzito kama mzigo kila siku na kuipeleka kwa petroli. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya ICCT iliangalia magari hayo yanavyotumika barabarani hasa, ikakuta yanakula mara mbili hadi nne ya kilichoandikwa kwenye vipimo rasmi, na sababu kubwa ilikuwa hiyo, kutochajiwa vya kutosha. Kwa maisha yako haibridi ya kawaida inatosha. Jihadhari pia na ile wanayoiita haibridi nyepesi, ya volti 48. Kwa kawaida mota yake inaisaidia injini tu, haiwezi kulisukuma gari peke yake, na akiba yake ni ndogo. Soma karatasi vizuri usije ukalipa bei ya jina.

SWALI: Kazini kwangu ni kilomita 3 tu, lakini naenda kwa gari kwa sababu ya goti. Nina gari la petroli la zamani. Wenzangu wote wanahamia haibridi, nami sitaki kubaki nyuma.
*Goti Bovu*

JIBU: Pole kwa goti. Kilomita 6 kwa siku ni 1,500 kwa mwaka. Hata gari lako likiwa mlafi na kula lita 10 kwa kilomita 100, ni lita 150 mwaka mzima. Haibridi ikikupunguzia theluthi, umeokoa 50, na nina shaka kama itafika huko, kwa sababu kwa safari fupi injini yake inawaka hata usipoihitaji, ili kupasha joto maji na kisafisha moshi. Ikishapata joto, wewe umeshafika na unatafuta pa kuegesha.

Baki na gari lako. Lipime upepo wa tairi kila mwezi, na mara moja kwa wiki litoe mwendo wa nusu saa injini ichemke sawasawa, maana safari za kilomita tatu zinajaza maji kwenye oili na silensa. Oili usiisubirishe hadi kilomita zitimie, imwage kila mwaka.